Steringi ni Tapeli

Kwenye banda la video, steringi hafi. Aliyekulia mitaa ya Arusha kama Ngarenaro, Kaloleni au Unga Limited hahitaji kuelezwa. Risasi zitamiminwa, daraja litalipuliwa, adui atacheka kwa dharau, na steringi atatokea upande wa pili akijipangusa vumbi. Sheria hiyo tuliizoea kwenye filamu za ngumi na za vita, enzi ambazo steringi alikuwa askari wa msituni, bingwa wa kung-fu, au kijana anayelipiza kisasi cha baba yake. Halafu zikaingia filamu ambazo steringi hampigi mtu hata kofi. Ana suti iliyonyooka, ana tabasamu, na mfukoni ana hundi za kughushi. Banda zima linakaa upande wake tangu mwanzo, na polisi anayemfukuzia ndiye anayegeuka adui.

Nazipenda filamu hizi, tena sana, na nataka kueleza kwa nini, maana naona zinapunjwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaosema zinawafundisha vijana wizi. Wapo wanaosema ni burudani tu, usiumize kichwa. Mimi naona filamu ya uhalifu wa kweli iliyotengenezwa kwa ucheshi ni kazi ngumu kuliko nyingi zinazopewa heshima. Kuna mtu halisi aliibiwa. Mwaka unajulikana, mji unajulikana, jalada la kesi lipo. Na bado mimi niko kwenye kochi Arusha nacheka mpaka machozi yananitoka. Kicheko hicho kimepatikanaje?

Nianze na ile inayojulikana zaidi, *Catch Me If You Can* ya Steven Spielberg, ya mwaka 2002. Leonardo DiCaprio ni Frank Abagnale, kijana anayetoroka nyumbani wazazi wake wanapoachana. Anajifanya rubani wa Pan Am, shirika la ndege la Marekani, kisha daktari, kisha mwanasheria, na Tom Hanks, ofisa wa FBI, yuko nyuma yake hatua moja. Kuna pale uwanja wa ndege wa Miami. Maofisa wamejaa, wote wanamsubiri yeye, naye anapita katikati yao ndani ya sare ya rubani, amezungukwa na wasichana waliovaa kama wahudumu wa ndege. Macho yote yako kwa wasichana. Hakuna bastola wala mbio. Kilichompitisha ni nguo.

Sisi huku tunaishi kwa mihuri, ndiyo maana tukio lile linatuingia. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anajua: nakala ya kitambulisho, barua ya mtendaji wa mtaa, picha ndogo, halafu unaambiwa mhusika ametoka, njoo Jumatatu. Katikati ya foleni anaingia mtu mwenye suti na funguo za gari mkononi, anapitishwa pembeni, "karibu mheshimiwa", na hakuna anayemuuliza ni mheshimiwa wa wapi. Filamu inamchukua kijana asiye na cheti hata kimoja, inamvika koti lenye mistari ya dhahabu mikononi, na milango ileile iliyotufungia sisi inafunguka yenyewe. Tunaocheka pale tunawacheka walinda milango wote tuliowahi kuwasubiri, na naona tuna haki ya kucheka.

Wala raha hii haikuletwa na Hollywood. Tumelelewa na Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani akisema imezaa, na jirani kwa tamaa yake akapokea bila swali. Safari iliyofuata sufuria haikurudi. Imekufa, Abunuwasi akasema, na aliyekubali kwamba sufuria huzaa angekataaje kwamba hufa? Tumelelewa na Sungura, anayemzunguka Fisi na Simba kwa maneno matupu. Katika hadithi zote hizo hila inapanda juu. Mdogo anamlaza mkubwa, na mkubwa mwenyewe kaponzwa na tamaa au kiburi chake. Hakuna bibi anayekaa jikoni usiku akasimulia jinsi Sungura alivyomwibia mjane shilingi ya chumvi.

Raha nyingine ni ya kuona kazi inavyofanyika. Tapeli wa mtaani humwoni akijiandaa, unaona matokeo tu, tena yakiwa yameshakukuta. Filamu inakuingiza chumbani kwake. Kuna DiCaprio na beseni la kuogea limejaa vindege vya kuchezea vya Pan Am, ameviloweka ili nembo zibanduke. Anaitoa moja kwa kibano, taratibu, kama fundi saa, anaiweka juu ya hundi, na karatasi isiyo na thamani inakuwa mshahara wa rubani. Nikiwa na mdogo wangu hapo huwa hatuongei. Ni uhalifu, na ni ufundi, na mkono hautetemeki.

Au chukua *The Informant!* ya Steven Soderbergh, 2009. Matt Damon anamcheza Mark Whitacre, mmoja wa mabosi wa kampuni kubwa ya nafaka ya Marekani, ADM, iliyokuwa ikipanga bei na washindani wake katika biashara ya lisini, kirutubisho kinachotiwa kwenye chakula cha mifugo. Whitacre akawa mtoa habari wa FBI, akirekodi vikao kwa siri. ADM ililipa faini ya dola milioni 100 mwaka 1996. Na muda wote huo aliokuwa akiwasaidia FBI, Whitacre mwenyewe alikuwa akiiibia kampuni hiyohiyo, dola milioni 9. Soderbergh angeweza kuifanya iwe habari ya mashaka na giza. Badala yake anatuwekea sauti ya mawazo ya Whitacre, na mawazo hayo hayatulii: katikati ya kikao cha kupanga wizi wa mabilioni yeye anawaza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Unacheka, na unaelewa kitu kuhusu uongo ambacho hotuba ya saa nzima isingekueleza. Mtu yule alijidanganya mwenyewe kwanza, ndiyo maana akawaweza wengine.

Mpaka hapo ni mapenzi matupu. Sasa nije kwa mama mdogo.

Mama mdogo wangu anauza maharage na mahindi soko la Mbuyuni, Moshi. Nilimpelekea filamu ya Spielberg kwenye laptop nilipokwenda kuwasalimia, nikijua ataipenda, na aliipenda. Alimpenda mno Tom Hanks. Lakini ilipoisha akasema, "Baba, huyu mtoto namjua. Wangu alikuwa mrefu zaidi."

Wa kwake alikuja sokoni amevaa shati jeupe la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Alisema ananunulia shule chakula. Hakupunguziwa bei na hakuomba apunguziwe, jambo ambalo pale Mbuyuni lingetosha kumtia mtu wasiwasi, lakini alilifanya kwa upole hata likaonekana ni malezi. Alimuuliza mama mdogo kwao wapi. Kibosho? Basi akakitaja mpaka kigango, akamtaja padri wa zamani, akasema mama yake mzazi ametoka Marangu, na akachomeka Kivunjo kidogo pale palipohitaji. Alirudi siku nyingine akanunua debe moja, akalipa taslimu. Alirudi tena. Aliporudi mara hiyo na gari alitaka gunia kumi na mbili. Mama mdogo hakuwa nazo zote, akakopa kwa wenzake wa meza za jirani, kwa jina lake.

Malipo yalikuja kwa simu. Mama mdogo hakuwa na miwani, ameiacha nyumbani. Kijana akamwambia, lete mama nikusomee. Akaishika ile simu kwa mikono miwili, akasoma ujumbe wote bila haraka: umepokea kiasi fulani, kutoka kwa fulani, namba ya muamala, salio lako jipya. Alisoma vizuri. Mama mdogo anasema hajawahi kusomewa kitu vizuri namna ile tangu aache shule. Ujumbe ulikuwa umetumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu, na salio halikuwa lake. Wakala ndiye aliyemwambia, jioni, gari limeshapita Himo.

Anaisimulia habari hii vizuri, hata anachekesha. Anaiga sauti ya kijana, anaiga alivyokuwa akiinamisha kichwa kila anapoamkia, na waliokaa sebuleni wanavunjika mbavu. Sehemu ya gunia za wenzake ndiyo haiigi. Hiyo huieleza kwa sentensi moja, kwamba aliwalipa wote, na anahamia jambo lingine. Mimi najua alivyowalipa, kwa mkopo wa vikoba juu ya mkopo wa vikoba, na binti yake wa pili aliyekaa nyumbani muhula mzima.

Mabroka wa madini hapa Arusha wana namna ya kulijaribu jiwe la tanzanaiti. Wanalishika kwenye mwanga na kuligeuza. Jiwe la kweli upande mmoja linakupa bluu, upande mwingine zambarau. Kioo kilichotiwa rangi, hata ukigeuze mchana kutwa, rangi ni ileile. Tangu habari ya mama mdogo nami nazigeuza filamu za matapeli hivyohivyo, nazitazama kwa upande wa aliyeibiwa, nione kama kuna kitu huko.

Nyingi hazina. Angalia wanaoibiwa kwenye filamu hizi ni akina nani. Ni benki, ni shirika la ndege, ni kampuni yenye jengo la vioo. Aliyeibiwa hana uso, hana mtoto wa kulipiwa ada, hana majirani wa kuwaeleza. Mwandishi wa filamu anajua, kama alivyojua msimulizi wa Abunuwasi, kwamba ukimweka mwenye uso kicheko kinakata. Kwa hiyo anamtoa. Ucheshi wote unakaa juu ya yule aliyetolewa.

Habari ya Abagnale ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu tunajua sasa nani alitolewa. Kitabu chake cha mwaka 1980, kilichozaa filamu, kinasema alifanya vituko vile akiwa na umri wa miaka 16 hadi 21. Waandishi walianza kuyatilia shaka madai yake zamani, na mwandishi Alan Logan alizifukua kumbukumbu za magereza na mahakama akachapisha kitabu chake mwaka 2020. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kati ya 1965 na 1968, sehemu kubwa ya miaka aliyodai kuruka dunia nzima, alikuwa kifungoni gereza la Great Meadow, jimbo la New York. Hundi za Pan Am alizohukumiwa nazo hazikufika dola 1,500, wakati yeye alitangaza dola milioni 2.5. Na mwaka 1969, huko Baton Rouge, Louisiana, alimfuatafuata mhudumu wa ndege aliyekutana naye safarini, akajipenyeza kwa wazazi wake, akakaribishwa, akalala kwao, akala kwao, kisha akawaibia hundi zao. Familia ya watu wa kawaida iliyompenda. Hao hawamo kwenye filamu. Kwenye filamu kuna benki.

Kwa hiyo hila kubwa ya maisha yake ilikuwa hadithi aliyoisimulia baadaye, na walioingia mkenge ni sisi tuliolipa tiketi. Spielberg naye yumo humo. Na bado filamu ni nzuri! Siwezi kusema vinginevyo. Uwanja wa ndege wa Miami bado unanifurahisha. Ila sasa kila nikiona lile beseni la vindege naiwaza meza ya chakula kule Baton Rouge, na ningetaka Spielberg naye angeionyesha.

Kuna kisa kikali zaidi ya hicho. *The Wolf of Wall Street* ya Martin Scorsese, 2013, inamhusu Jordan Belfort, dalali aliyewauzia watu hisa za takataka kwa simu. Ni saa tatu za fujo na vicheko, na walioko upande wa pili wa waya huwasikii ila kama sauti hafifu inayokubali kununua. Waliotengeneza filamu ni kampuni ya Red Granite, na serikali ya Marekani ikaja kudai kwamba fedha zake zilitokana na zilizochotwa 1MDB, mfuko wa maendeleo wa umma wa Malesia. Mwaka 2018 Red Granite ilikubali kulipa dola milioni 60 kumaliza shauri hilo. Filamu ya kumsifu mwizi kwa fedha zinazodaiwa kuibiwa kwa wananchi wa nchi nyingine! Wenye uso wametolewa mara mbili, kwenye hadithi na kwenye hesabu. Hiyo sikuitazama tena.

Wapo waliofanya vizuri. *Can You Ever Forgive Me?* ya Marielle Heller, 2018, inamhusu Lee Israel, mwandishi wa New York aliyeishiwa, paka wake mgonjwa, kodi ya nyumba imemfika shingoni. Akaanza kughushi barua za waandishi marehemu na kuziuza kwenye maduka ya vitabu na kumbukumbu, barua kama 400 mpaka anakamatwa. Melissa McCarthy anachekesha kwa ukali wa ulimi wake, na barua zenyewe zinachekesha, maana Israel aliwaandikia marehemu maneno matamu kuliko waliyoandika wenyewe. Lakini Heller amemweka mwuza vitabu mmoja, mwanamke mpole anayempenda Israel na kumwamini, anayempa hata hadithi aliyoiandika mwenyewe aisome. Unamwona akinunua barua ya uongo kwa furaha. Hapo kicheko hakikati, kinabadilika. Unacheka huku moyo umekunja ngumi. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba hiyo ndiyo filamu ya tapeli iliyonitosheleza kuliko zote.

*Roofman* ya Derek Cianfrance, 2025, nayo inakaribia. Jeffrey Manchester alikuwa akitoboa mapaa ya migahawa ya McDonald's na kuingia kuiba, mpole kwa wafanyakazi hata wakati anawafungia chumba cha baridi. Alitoroka jela mwaka 2004 akajificha ndani ya duka la vifaa vya kuchezea watoto mjini Charlotte, North Carolina. Hapo alianza kwenda kanisani kwa jina la uongo, akapata mchumba, akawagawia watoto zawadi. Vituko vya dukani usiku vinachekesha sana. Lakini yule mwanamke wa kanisani, Kirsten Dunst, ana nyumba, ana mabinti, ana shoga zake, na filamu inamfuata mpaka siku anapoambiwa. Channing Tatum, anayemcheza Manchester, anavyopendeza ndivyo unavyozidi kumhofia mwanamke.

Sasa naitaka ya kwetu. Hollywood ilipofika hapa kwa kishindo, ilikuja kupiga *Hatari!* pale Momella, filamu ikatoka 1962 na John Wayne akikimbiza vifaru, na mpaka leo mkoa huu ukionekana kwenye skrini kubwa ni mlima na wanyama. Lakini hebu fikiria Arusha kama mji wa filamu ya tapeli. Kampuni za utalii za mfukoni zenye tovuti nzuri na ofisi isiyokuwepo. Vioo vya bluu vinavyouzwa karibu na Mnara wa Saa kama tanzanaiti. Watu wa kila lugha wanaoshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na fedha mfukoni na imani moyoni. Tuna na yaliyowahi kuitikisa nchi nzima, kama DECI, iliyowaambia watu wapande mbegu ya fedha wavune maradufu, ikiongozwa na wachungaji, mpaka serikali ilipoisimamisha 2009 na foleni za wavunaji zikabaki barabarani. Kuna ucheshi humo, na machozi, na wenye uso ni maelfu.

Ile ya ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" naiacha. Haina haiba yoyote, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole tangu 2020. Ukiupata upeleke 15040 uendelee na kazi zako. Mimi namtaka wa shati jeupe.

Ningeipiga hivi. Saa ya kwanza nampa yeye yote. Namfuata anavyojifunza majina ya vigango, anavyochagua kalamu za kuweka mfukoni, anavyojizoeza mbele ya kioo namna ya kumwamkia mtu mzima. Naacha watu wampende, wacheke naye, wamwite steringi. Gari likiondoka Mbuyuni na gunia kumi na mbili, kamera hailifuati. Inabaki sokoni mpaka mwisho wa filamu, na wenye meza za jirani wanaanza kuja mmoja mmoja kuuliza fedha zao.

Nimemsimulia mama mdogo mpango huu. Ameukubali, na yuko tayari kukaa na mwandishi yeyote wa Arusha au Moshi atakayetaka kuandika muswada, amweleze mpaka harufu ya manukato ya kijana. Ana sharti moja. Atakayemcheza awe mzuri wa sura, na awe na sauti. "Msimweke mtu mbaya," amesema, "watu wataniona mimi nilikuwa mjinga."